Solver ya LibreOffice Calc na hesabu za "jumla kubwa kabisa": inafaa, ila ina visanduku viwili vya kuvikumbuka

Swali la aina hii linajulikana kwa kila aliyefika Kidato cha Nne, Tanzania au Kenya. Fundi ana mbao kadhaa na saa kadhaa za kazi, anatengeneza bidhaa aina mbili au tatu, na kila moja ina faida yake. Atengeneze ngapi za kila aina ili jumla ya faida iwe kubwa kabisa? Darasani tunachora mistari kwenye karatasi ya grafu, tunatia kivuli, tunasoma pembe. Bidhaa zikiwa tatu karatasi inashindwa. Pembe ikiangukia kwenye desimali, wengi wanaikata tu na kuandika jibu, na hapo ndipo wanapokosea.

LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya hesabu kama Excel, ina chombo cha kazi hii, kinaitwa Solver, nacho ni bure. Kimo ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo hakuna cha kuongeza wala kusajili, na ukishaisakinisha huhitaji intaneti. Kinafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Gharama pekee ni bando la kupakulia faili la kusakinisha, ambalo kwa Windows linazidi MB 300. Kwenye simu usihangaike, hii ni kazi ya kompyuta.

Tuliipima kwa maswali yaliyopangwa kuitega, si yale yanayotoka vizuri kila mara.

Swali la kwanza: guta

Guta linabeba kilo 300. Gunia la maharage lina kilo 80 na faida yake ni sh 25,000. Mfuko wa mchele una kilo 50 na faida yake ni sh 15,500. Ubebe nini safari moja ili faida iwe kubwa kabisa?

Mfanyabiashara atagawanya kwa kilo. Maharage yanatoa sh 312.50 kwa kilo, mchele sh 310, basi ajaze maharage. Ukiiacha Solver itumie desimali, nayo inasema hivyo hivyo: magunia 3.75, faida sh 93,750. Gunia la robo tatu halipo. Ukipandisha hadi 4 unapata kilo 320 na guta linazidiwa. Ukishusha hadi 3 zinabaki kilo 60, unaongeza mfuko mmoja wa mchele, jumla sh 90,500.

Jibu sahihi halina hata gunia moja la maharage. Mifuko sita ya mchele inafika kilo 300 kamili na kuleta sh 93,000. Bidhaa iliyoonekana bora kwa kilo haimo kabisa kwenye jibu, kwa sababu kilo 80 haziingii vizuri ndani ya 300 lakini kilo 50 zinaingia. Hakuna kukadiria desimali kunakoweza kukutoa kwenye 3.75 na kukufikisha kwenye sifuri. Solver ikiambiwa kwamba idadi ni namba kamili inaleta jibu hili kufumba na kufumbua.

Swali la pili: karakana ya seremala

Hili ndilo tulilokaa nalo sana.

Kitanda kinatumia mbao 9 na saa 10, faida sh 90,000. Kabati linatumia mbao 13 na saa 18, faida sh 140,000. Meza inatumia mbao 5 na saa 6, faida sh 48,000. Zipo mbao 60 na saa 75. Faida kubwa kabisa ni ngapi?

Pangilia hivi. Mstari wa kwanza ni vichwa vya habari. Safu A, kuanzia A2 hadi A4, andika Kitanda, Kabati, Meza. Safu B ni idadi, na hapo ndipo Solver itakapojaza majibu, kwa hiyo B2 hadi B4 ziache tupu au weka sifuri. Safu C weka mbao kwa kila kimoja (9, 13, 5), safu D saa (10, 18, 6), safu E faida (90000, 140000, 48000). Kwenye C5 andika =SUMPRODUCT(B2:B4;C2:C4), hiyo ndiyo jumla ya mbao zinazotumika. Kwenye D5 andika =SUMPRODUCT(B2:B4;D2:D4), na kwenye E5 =SUMPRODUCT(B2:B4;E2:E4). Kompyuta ikikataa nukta-mkato, tumia koma. Inategemea mpangilio wa lugha. Chini yake, C6 weka 60 na D6 weka 75.

Sasa nenda menyu ya "Tools", chagua "Solver". Kwenye "Target cell" weka E5. Chagua "Maximum". Kwenye "By changing cells" weka B2:B4. Masharti ni matatu: C5 <= C6, kisha D5 <= D6, kisha B2:B4 na upande wa alama uchague "Integer". Kwa sharti hilo la tatu sehemu ya "Value" inabaki tupu. Ukihitaji siku nyingine "si chini ya", utaikuta imeandikwa => badala ya >= tuliyoizoea vitabuni. Maana ni ile ile.

Kabla ya kubofya "Solve", fungua "Options". Hakikisha injini (njia ya kukokotoa) ni "LibreOffice CoinMP Linear Solver" au "LibreOffice Linear Solver", kisha weka tiki kwenye "Assume variables as non-negative". Tiki hiyo haiwekwi yenyewe, na hilo ndilo lalamiko letu kubwa kuhusu programu hii. Ukiisahau, karakana yetu inajibiwa "The model is unbounded.", yaani faida haina mwisho. Sababu yake inachekesha. Meza moja hasi, kwa macho ya programu, ni meza iliyovunjwa: unarudishiwa mbao 5 na saa 6, unazitumia kwenye vitanda na makabati, na hesabu inaonyesha umepata faida kuliko ile sh 48,000 uliyoipoteza. Basi inavunja meza ambazo hazikuwahi kutengenezwa, bila kukoma. Excel inaiweka tiki hiyo yenyewe, na hapo Excel imeshinda.

Majibu sasa. Bila sharti la namba kamili, Solver inasema vitanda 3.28, makabati 2.34, meza sifuri, faida sh 623,437.50. Ukikata desimali unabaki na vitanda 3 na makabati 2, faida sh 550,000, zikisalia mbao 7 na saa 9. Mwenye macho ataona nafasi ya meza moja na kufika sh 598,000. Wengi huishia hapo.

Ukiweka sharti la namba kamili jibu ni vitanda 2, makabati 2 na meza 3. Mbao zilizotumika ni 59, saa 74, faida sh 604,000. Meza, ambayo hesabu ya desimali iliitupa nje kabisa, imerudi ikiwa nyingi kuliko vyote. Kati ya kukata desimali na kufanya hesabu yenyewe kuna tofauti ya sh 54,000 kwa mbao zile zile na saa zile zile.

Tulihakiki kwa mkono, makabati 0 hadi 4, kila mchanganyiko unaoingia. Bila kabati unafika sh 594,000. Kabati moja, sh 602,000. Mawili, sh 604,000. Matatu, sh 600,000. Manne, sh 560,000. Solver haikukosea. Tunapendekeza ufanye ukaguzi wa namna hii walau mara moja kwa swali dogo, kwa sababu utakuonyesha jinsi majibu yanavyokaribiana, na hiyo ina maana tutakapofika kwa Excel.

Ndani yake inafanya nini

Mbinu ni ile ya kugawa matawi, iliyochapishwa mwaka 1960 na Ailsa Land na Alison Doig, wanahisabati wawili wanawake wa London School of Economics. Kwanza inafanya hesabu kama vile desimali zinaruhusiwa, inapata sh 623,437.50 na makabati 2.34. Kwa kuwa makabati lazima yawe kamili, inagawa swali mara mbili: makabati 2 au pungufu, na makabati 3 au zaidi. Tawi la kwanza haliwezi kuzidi sh 620,000, la pili haliwezi kuzidi sh 609,000. Inaendelea kugawa kila tawi, na pindi ikipata jibu kamili, tawi lolote ambalo dari lake liko chini ya jibu hilo linakatwa bila kuchunguzwa zaidi. Mwisho wake hakuna tawi lililobaki, na hapo jibu linakuwa limethibitishwa.

Usiichanganye na injini nyingine zilizomo kwenye orodha, zile za DEPS, SCO na Swarm. Hizo zinatafuta kwa kubahatisha kwa akili. Zinafika karibu, mara nyingi zinafika kabisa, lakini hazithibitishi chochote. Kwa hesabu za mbao na saa usiziguse. Zina kazi pale ambapo injini ya mstari (Linear), inayokubali kuzidisha kwa namba na kujumlisha tu, inashindwa: "namba mbili kamili jumla yake ni 25, zao lao kubwa kabisa ni ngapi?" Hapo kigeu kinazidishwa na kigeu, na injini ya mstari haifai, inaweza kukujibu "The model is not linear." Swali lenyewe ni 12 mara 13, yaani 156, na kwa kweli kichwa kinamaliza kabla kompyuta haijawaka.

Ujumbe huo huo unaweza kutokea ukitumia IF, MAX au ROUND kwenye seli ambazo Solver inazitegemea. ROUND ndiyo inayowaponza wengi: mtu anaona desimali, anaamua kuzikadiria ndani ya fomula, na papo hapo hesabu yake si ya mstari tena. Acha fomula zibaki za kuzidisha na kujumlisha tu. Namba kamili ni kazi ya sharti la "Integer".

Na usidanganywe na sura ya seli. Seli iliyopangwa isionyeshe desimali itakuonyesha kitanda 3 ilhali ndani yake mna 3.28. Dalili ni kwamba faida haiendani na idadi unayoiona: vitanda 3 na makabati 2 haviwezi kuleta sh 623,438. Ukiona hivyo, sharti la "Integer" umelisahau au umeliweka kwenye seli zisizo zake.

Maswali ya maneno: hapa Solver haikusaidii kitu

Programu inapokea ulichoandika. Kutoka maneno kwenda masharti ni kazi yako, na tukihesabu makosa, mengi zaidi yako hapa kuliko kwenye kompyuta.

"Angalau 4" na "si chini ya 4" ni => 4. "Hazizidi 4" na "si zaidi ya 4" ni <= 4. "Zaidi ya 4" si => 4, ni => 5. "Pungufu ya 100" ni <= 99. Solver haina alama ya "ndogo kuliko" peke yake, lakini kwa namba kamili huihitaji, unapunguza moja basi. Tahadhari: kupunguza moja kunafaa pale tu ambapo upande wote ni namba kamili. Kama ni kilo zenye nusu, hakufai.

"Makabati yasizidi nusu ya vitanda": watu huandika kinyume. Jaribu kwa namba: vitanda 4, makabati 2, inaruhusiwa. Kwa hiyo makabati mara mbili yasizidi vitanda. Tengeneza seli yenye =2*B3-B2, kisha sharti lake ni <= 0.

"Kila meza inauzwa na viti vinne" si sharti la kutozidi, ni usawa: viti ni sawa na meza mara nne.

Shufwa na witiri nazo zina mtego. Chukua hili: namba tatu za witiri zinazofuatana, jumla yake haizidi 100, jumla kubwa kabisa ni ngapi? Ukiita ya kwanza n, jumla ni 3n + 6, na n haizidi 31.33. Solver yenye "Integer" peke yake inatoa 31, na 31 + 33 + 35 ni 99. Sahihi, lakini kwa bahati! Badilisha neno moja, sema za shufwa, na fomula ile ile itakupa tena 31, ambayo si shufwa. Dawa ni kuifanya seli inayobadilika iwe k, kisha n iwe =2*k kwa shufwa au =2*k+1 kwa witiri. Kwa shufwa k inakuwa 15, namba ni 30, 32 na 34, jumla 96.

Neno "tofauti" je? Namba tano kamili, chanya na tofauti, wastani wake ni 12. Kubwa kuliko zote inaweza kufika ngapi? Jumla ni 60, ndogo nne zikibanwa kabisa ni 1, 2, 3 na 4, inabaki 50. Ukilisahau neno "tofauti", nne zote zinakuwa 1 na jibu linaruka hadi 56. Excel ina sharti la namba tofauti, linaitwa "dif", lakini linazilazimisha seli ziwe 1 hadi idadi ya seli zenyewe tu, kwa hiyo hapa halifai. Calc haina. Tunazunguka hivi: zipange kwa ukubwa, ya kwanza => 1, na kila inayofuata => iliyotangulia jumlisha 1. Inachosha kidogo lakini inafanya kazi, na hesabu inabaki ya mstari.

Gharama ya kuingilia

Kuna aina moja ya swali ambayo vitabu vya shule huikwepa na biashara haiikwepi. Fundi wetu hana mashine ya kutengenezea makabati. Akitengeneza hata moja, anakodi kwa sh 30,000. Asipotengeneza, halipi kitu.

Ongeza seli moja, tuseme B7, na sharti lake liwe "Binary", yaani 0 au 1. Faida kwenye E5 ipunguzwe 30000*B7, na B7 uiongeze kwenye seli zinazobadilika. Kisha funga makabati kwa mashine: tengeneza seli yenye =B3-4*B7 na sharti <= 0. Nne imetoka wapi? Mbao 60 haziwezi kutoa zaidi ya makabati 4, na saa 75 vivyo hivyo. B7 ikiwa 0, makabati ni 0. Ikiwa 1, ni hadi 4.

Jibu linageuka kabisa. Mpango wa sh 604,000 unashuka hadi sh 574,000 baada ya kukodi, na sasa ulio bora ni vitanda 5 na meza 3 bila kabati hata moja, sh 594,000, mbao 60 zote zikiisha na saa 68 zikitumika.

Kosa la kawaida ni kuandika namba kubwa ovyo badala ya 4, mathalani milioni 100, "ili isibane". Hapo B7 inahitaji kuwa 2 gawanya kwa milioni 100 tu ili makabati 2 yaruhusiwe. Tarakimu ndogo namna hiyo programu inaweza kuihesabu kuwa sifuri, na mashine ikakodishwa bure. Tumia namba ndogo kabisa inayotosha.

Ubao mmoja zaidi una thamani gani?

Ripoti za hesabu ya desimali hutoa bei ya kila malighafi: ukiongezewa ubao mmoja faida inapanda kiasi gani, ukiongezewa saa moja kiasi gani. Kwa karakana hii bei hizo ni sh 6,875 kwa ubao na sh 2,812.50 kwa saa. Ukiziamini, utakimbilia kununua mbao.

Tukarudia hesabu kwa namba kamili. Mbao 61 na saa 75: jibu bora ni vitanda 2, kabati 1, meza 6, faida sh 608,000. Ubao umeongeza sh 4,000. Mbao 60 na saa 76: kitanda 1, makabati 2, meza 5, faida sh 610,000. Saa moja imeongeza sh 6,000, zaidi ya mara mbili ya bei iliyotajwa. Mpangilio umepinduka, saa ndiyo yenye thamani kuliko ubao. Kwa hiyo kwenye maswali ya namba kamili zitupe bei hizo. Badilisha C6 au D6, bofya "Solve" tena, soma. Ni kazi ya sekunde chache.

Jambo jingine la manufaa: Solver inatoa jibu moja tu. Ukitaka la pili kwa ubora, labda kwa sababu mteja anataka vitanda zaidi, ongeza sharti kwamba E5 <= 603000. Inaleta vitanda 3, kabati 1, meza 4, sh 602,000, mbao zote 60 zikitumika na saa 72. Kwa sh 2,000 tu umepata mpango tofauti kabisa na umeokoa saa mbili.

Ikilinganishwa na Excel

Solver ya Excel ina sura nzuri zaidi na ripoti zake zinasomeka. Inabidi uiwashe kwanza: "File", "Options", "Add-ins", kisha "Go", weka tiki kwenye "Solver Add-in", nayo itatokea kwenye "Data". Kikomo chake ni seli 200 zinazobadilika, ambacho kwa maswali haya ni kikubwa mno. Lakini ina mitego miwili.

Wa kwanza, mbinu inayokuja imechaguliwa ni "GRG Nonlinear". Kwa hesabu za mstari badilisha iwe "Simplex LP".

Wa pili ndio mbaya, kwa sababu hautoi ujumbe wa kosa. Ndani ya "Options" kuna "Integer Optimality (%)", na imewekwa 1. Maana yake Excel inaruhusiwa kusimama pale jibu lake linapokuwa ndani ya asilimia 1 ya dari. Rudi kwenye karakana yetu: asilimia 1 ya sh 604,000 ni sh 6,040. Majibu ya sh 598,000, 600,000 na 602,000 yote yamo ndani ya pengo hilo. Excel inaweza kukupa mojawapo na kukuambia imemaliza, na kwa kanuni yake haijadanganya. Matoleo ya zamani yaliwekwa asilimia 5, ambayo ni mbaya zaidi. Andika 0 hapo kabla ya kitu kingine chochote. Papo hapo angalia pia kisanduku cha "Ignore Integer Constraints". Kikiwa na tiki, masharti yote ya namba kamili yanapuuzwa kimyakimya.

Calc haina kiwango hicho cha asilimia kwenye chaguo zake za mstari, na kwa mwanafunzi au mfanyabiashara hii ndiyo sababu kubwa ya kuichagua. Inacho kikomo cha muda, sekunde 100, ambacho maswali ya ukubwa huu hayakigusi. Ukiwa na seli mamia za namba kamili, kiongeze kwanza.

Kasoro nyingine za Calc ni ndogo lakini zinaudhi. Dirisha la masharti linaonyesha mistari minne tu kwa wakati mmoja, na sharti la tano linajificha chini hadi uteremshe. Ukikagua masharti usiishie pale juu. Katika matoleo ya zamani, ukifunga faili masharti yanapotea, kwa hiyo yaandike kwa maneno pembeni ya jedwali. Ujumbe wa "The model is infeasible. Check limiting conditions." haukuambii ni sharti lipi linalogombana na lipi. Njia yake ni kuondoa moja moja hadi lipite. Mara nyingi mkosaji ni "angalau" iliyozidi malighafi iliyopo, au alama iliyogeuzwa.

Nani aichukue

Mwalimu wa hisabati anayetunga maswali, aichukue leo. Kabla ya kuwapa wanafunzi swali la grafu, lipitishe mara mbili, bila "Integer" na ikiwa nayo. Majibu mawili yakilingana, pembe ya grafu inatosha. Yakitofautiana, ujue umewatungia swali ambalo kusoma pembe hakutalimaliza, na mwongozo wako wa kusahihishia lazima uonyeshe nukta za ndani zilizojaribiwa.

Mwanafunzi aitumie kuhakiki, kwani kwenye chumba cha mtihani hakuna kompyuta. Swali la bidhaa mbili kwa mkono linafanyika hivi: chukua ile inayotumia malighafi nyingi, orodhesha idadi zake zote kuanzia sifuri, na kwa kila moja jaza nyingine hadi mwisho. Guta letu lina mistari minne tu, magunia 0 hadi 3: sh 93,000, sh 87,000, sh 81,000, sh 90,500. Angalia zilivyoshuka kisha zikapanda tena. Anayesimama mara tu jumla inapoanza kushuka au kupanda, bila kufika mwisho wa orodha, anaweza kulikosa jibu.

Mwenye karakana, bekari au gari la mizigo aichukue iwapo vitu vyake ni vikubwa na vichache. Anayeoka maandazi 2,000 hahitaji "Integer": nusu andazi halibadilishi mpango. Anayepanga makabati mawili au matatu anaihitaji kweli.

Kwa kazi hii tunaipa Calc nyota nne kati ya tano. Ya tano ingekuwa yake kama tiki ile ya kuzuia namba hasi ingekuja imeshawekwa.